Mguso wa Pili: Maisha ya John Newton



Jumapili tatu zilizopita, kwenye ibada ya pili, nilifundisha juu ya neema nikamtaja mtu aliyetunga wimbo wa Amazing Grace. Nilimtaja kwa kifupi tu, dakika mbili hivi, vile wahubiri wengi huwa tunamtaja. Nilisema John Newton alikuwa nahodha wa meli ya watumwa, dhoruba ikampata baharini, akamlilia Mungu, akaokoka, akaacha kuuza watu, akaandika ule wimbo. Mlipiga makofi. Wengine mlisimama kabisa.

Baada ya ibada kijana mmoja wa chuo alinisubiri karibu na mlango wa ofisi. Aliniuliza kwa heshima kama ninajua kwamba Newton alipata unahodha wa meli za watumwa baada ya kuokoka, si kabla. Na kama ninajua, mbona nimesema vingine pale madhabahuni. Halafu akaniuliza lile swali ambalo nafikiri ndilo lililokuwa likimsumbua zaidi: sisi Waafrika tunauimbaje wimbo wa mtu kama huyo huku tumeinua mikono?

Nilimwambia tutaongea. Ukweli ni kwamba sikuwa ninajua. Hadithi ile niliipokea kwa wahubiri wengine, nao waliipokea kwa wengine, kama noti bandia inayopita sokoni mkono kwa mkono bila mtu kuiinua kwenye mwanga. Nimetumia hizi wiki tatu kusoma maisha ya mtu huyu, na yule kijana alisema kweli. Kwa hivyo leo nimeomba nafasi kwenye jarida letu nirekebishe nilichofundisha. Someni pamoja Marko 8, kuanzia mstari wa 22. Nitaufikia huko mbele.

John Newton alizaliwa London mwaka 1725. Baba yake alikuwa nahodha, mtu mkali wa maneno machache, na muda mwingi hakuwa nyumbani. Aliyemlea ni mama yake, Elizabeth, mwanamke wa maombi. Alimfundisha kusoma Neno na nyimbo za kanisa akiwa bado mdogo sana, na alitamani siku moja awe mchungaji. Lakini mama alikuwa na kifua kikuu. Alifariki mwaka 1732, mtoto akiwa hajafikisha miaka saba. Baba akaoa tena, na akiwa na miaka 11 John akaanza kusafiri naye baharini.

Ujana wake sitaueleza wote. Akina mama mnaofunga na kuomba kwa ajili ya watoto wenu, mnaujua tayari. Kila kazi nzuri aliyotafutiwa na baba yake aliiharibu. Alimpenda msichana mmoja wa Chatham aitwaye Mary Catlett, na kwa sababu ya kutaka kukaa karibu naye akachelewa meli iliyokuwa imsafirishe. Mwaka 1744 akakamatwa na kile kikosi kilichokuwa kikizoa vijana mitaani kwa nguvu na kuwaingiza katika jeshi la maji. Baba akaongea na wakubwa, kijana akapewa cheo kidogo kwenye manowari iitwayo Harwich. Naye akatoroka. Alipokamatwa alivuliwa nguo, akachapwa viboko mbele ya mabaharia wote, akanyang'anywa cheo. Siku zile aliwaza kumwua nahodha, aliwaza kujitupa baharini. Imani ya mama yake alikuwa ameshaitupa, na alikuwa na bidii ya kuwaharibu wengine imani zao pia. Matusi yake yaliwashtua hata mabaharia, na hao si watu wa kushtuka haraka.

Ilipofika nafasi ya kubadilisha meli, akahamia kwenye meli ya biashara ya watumwa iliyokuwa ikielekea Afrika Magharibi. Huko akashuka, akaajiriwa na mfanyabiashara mzungu aliyekuwa na kituo kwenye visiwa vya Plantain, pwani ya nchi tunayoiita leo Sierra Leone. Alitumaini kutajirika upesi kama bosi wake.

Hapa naomba tusiharakishe. Newton akashikwa na homa kali. Bosi alikuwa amesafiri, na mke wa bosi, mwanamke Mwafrika mwenye heshima kubwa mahali pale, hakumpenda huyu kijana. Akamnyima chakula na hata maji ya kunywa. Wakati mwingine alipelekewa makombo ya sahani yake, na yeye kwa njaa aliyapokea kwa shukrani. Bosi aliporudi mambo hayakuwa mazuri zaidi. Akasingiziwa wizi, akawa anafungiwa kwenye meli bosi anaposhuka nchi kavu, na chakula chake kikawa mgao mdogo wa wali kwa siku nzima. Usiku alitoka kwa kujificha akang'oa mizizi shambani, akaila mbichi, ikamtapisha. Nguo zake zilikuwa shati moja, suruali moja, na kitambaa kichwani.

Na ni nani waliomsaidia? Watumwa. Watu waliokuwa wamefungwa minyororo, wakisubiri meli ya kuwapeleka mahali ambapo hakuna aliyerudi kusimulia, walichukua kutoka kwenye chakula chao kidogo wakampelekea kwa siri mzungu mgonjwa. Hili aliliandika mwenyewe miaka mingi baadaye. Hawakuwa na deni lake lolote, na hawakuwa na sababu hata moja ya kumpenda. Kama kuna mahali neema ilianza kumtafuta John Newton, mimi naona ilianza pale, miaka kadhaa kabla ya dhoruba, na ililetwa na mikono ya watu ambao majina yao hakuyaandika.

Kuna jambo lingine dogo kutoka kisiwa kile. Siku moja alikuwa akipanda miche ya ndimu, na bosi na mkewe wakapita wakamcheka. Wakamwambia huenda miti hiyo ikianza kuzaa atakuwa amekwenda kwao, amekuwa nahodha, na atarudi kula matunda yake. Walikuwa wakimdhihaki. Shikeni hilo, tutarudi.

Baba yake alikuwa amemwomba rafiki yake, mfanyabiashara wa Liverpool, amtafutie mwanawe. Mwaka 1747 meli moja ya tajiri huyo, Greyhound, ikampata. Meli hiyo haikubeba watumwa. Ilinunua dhahabu, pembe za ndovu, nta na mbao, ikazunguka pwani zaidi ya mwaka mmoja, kisha ikavuka bahari kurudi Uingereza.

Usiku wa tarehe 21 Machi 1748, kwa kalenda tunayoitumia leo, dhoruba ikaivunja ubavu. Newton aliamka maji yakiwa yameingia mahali alipolala. Alikuwa akipanda ngazi kwenda juu, nahodha akamwagiza arudi kuchukua kisu. Mwenzake akapanda badala yake, na wimbi likambeba palepale. Kuanzia usiku wa manane mpaka karibu adhuhuri alipiga pampu, na alipoishiwa nguvu akashika usukani akaongoza meli kwa saa nyingi. Katikati ya kazi hiyo likamtoka kinywani neno la kuomba rehema za Mungu, na lilimshangaza mwenyewe, kwa maana miaka mingi hakuwa ameomba. Zile nta na mbao, vitu vyepesi kuliko maji, zilisaidia meli isizame. Karibu mwezi mzima walielea na chakula kidogo, naye akisoma Agano Jipya. Hatimaye wakafika pwani ya Ireland. Tarehe hiyo ya 21 Machi aliikumbuka kila mwaka mpaka uzee wake, kama sisi tunavyokumbuka siku tuliyookoka.

Mimi nilipohubiri niliishia hapo, nikaruka moja kwa moja mpaka kwenye wimbo. Hebu sasa tusiruke.

Mwaka huohuo wa 1748, miezi michache tu baada ya dhoruba, Newton aliondoka tena kwenda Afrika. Alikuwa msaidizi wa nahodha katika meli ya watumwa. Mwaka 1750 alimwoa Mary wake, na mwaka huohuo akapewa meli yake ya kwanza kama nahodha, Duke of Argyle. Baadaye akapewa nyingine iitwayo African, akasafiri nayo mara mbili. Safari tatu kati ya 1750 na 1754. Ananunua watu pwani ya Afrika Magharibi, anawafunga, anawashindilia chini ya sakafu ya meli, anawavusha mpaka visiwa vya Karibi, anawauza, anarudi na sukari.

Na alikuwa ameokoka. Matusi aliyaacha. Alikuwa na ratiba ya maombi na kusoma Biblia. Kila Jumapili aliwakusanya mabaharia melini akawaongoza katika ibada, huku chini ya mbao walizosimamia kuna watu kwenye minyororo. Usiku alimwandikia mke wake barua za upendo na za kumcha Mungu. Daftari lake la safari bado lipo. Mtumwa akifa aliandika namba yake, kwa sababu watu hao kwake walikuwa na namba tu. Alipogundua njama ya watumwa kujikomboa, aliwatia watoto wa kiume kwenye kifaa cha chuma cha kubana vidole gumba ili waseme waliyoyajua. Safari yake ya mwisho ilipoisha bila watu kufa, alitoa shukrani makanisani Liverpool kwa safari njema.

Alirudi pia kwenye visiwa vya Plantain akiwa nahodha, na akala ndimu za miti aliyoipanda. Aliisimulia habari hiyo kama mfano wa Mungu kugeuza dhihaka kuwa baraka. Angeweza kuwa mmoja wetu anatoa ushuhuda: adui zangu walinicheka, leo niangalie! Lakini alikuwa amesimama kwenye mchanga uleule ambao watu wa minyororo walimlisha, na alikuwa amekuja kununua watu wa minyororo. Hakuliona. Nimelitafakari sana jambo hilo. Mtu amesamehewa, anampenda Yesu, analia akiomba, na kitu kikubwa namna ile kipo mbele ya macho yake na hakioni.

Sasa fungueni Marko 8. Yesu yuko Bethsaida, wanamletea kipofu. Anamshika mkono anamtoa nje ya kijiji, anamtemea mate machoni, anamwekea mikono, kisha anamwuliza kama anaona kitu. Yule mtu anajibu kwamba anaona watu, lakini wanaonekana kama miti inayotembea. Ndipo Yesu anamwekea mikono mara ya pili, na sasa anaona kila kitu vizuri. Zamani sehemu hii ilinisumbua, kwa sababu mahali pengine Bwana anasema neno moja tu na mtu anapona. Mbona hapa mara mbili? Siwezi kudai ninajua sababu yote. Lakini nikisoma daftari la Newton naona mtu ambaye Yesu amemgusa mara moja. Haya ni macho ya kweli, yamefunguliwa kweli. Ila watu bado ni miti. Na miti unaweza kuihesabu, kuikata na kuisafirisha.

Ningependa kumhukumu na kumaliza hapo. Siwezi, kwa sababu ya jambo ambalo wengi wenu hamlijui.

Wengi mmesikia ushuhuda wangu: kwamba nilisoma shahada ya biashara, nikapata kazi ya pesa, Mungu akaniita, nikaiacha kazi nikamtumikia. Kazi yenyewe ilikuwa ya afisa wa mikopo. Nilikuwa nasimamia vikundi vya akina mama. Kila Alhamisi saa tatu asubuhi tunakutana, wanalipa marejesho, na mmoja akikosa wenzake wanamlipia. Wakichoka kumlipia, tunaenda kwake kuchukua vitu. Mtungi wa gesi, televisheni, sofa, chochote chenye bei.

Niliokoka kwenye kesha, nikiwa na miaka 24. Niliacha pombe wiki ileile. Nikaanza kutoa fungu la kumi la mshahara ule. Na mikutano ya Alhamisi, ambayo zamani ilianza kwa maombi ya haraka haraka, sasa mimi ndiye niliyeiombea, tena kwa kirefu, na akina mama walifurahi kwamba afisa ameokoka. Alhamisi moja niliomba, nikasema amina, kisha tukatoka kikundi kizima mpaka kwa mama mmoja aliyekosa marejesho wiki tatu kwa sababu mumewe alikuwa mgonjwa. Tulibeba cherehani yake. Mtoto wake alikuwa amekaa mlangoni. Niliandika kwenye daftari: cherehani, 1. Jioni nilienda mazoezi ya kwaya, na nakumbuka niliimba vizuri.

Na sikuiacha kazi ile. Nilifanya zaidi ya mwaka mmoja nikiwa nimeokoka, mpaka tawi likafungwa na wengi wetu tukapunguzwa. Mlango ulifungwa kutoka nje. Baadaye, nilipokuwa nasimulia, kidogo kidogo ikawa ni mimi niliyeufunga. Simsemi mwajiri, mikopo si dhambi, na kuna watu wamejengewa maisha na vikundi hivyo. Nasema juu yangu mimi.

Newton naye hakuiacha biashara kwa sababu ya dhamiri. Novemba 1754, siku chache kabla ya safari ya nne, alikuwa ameketi na mke wake wakinywa chai, akaanguka ghafla akapoteza fahamu kama saa nzima. Daktari akamshauri asisafiri. Akaacha ubaharia kwa sababu ya afya. Hata pesa zake aliendelea kuziwekeza kwa yule tajiri wa Liverpool, katika biashara ileile.

Mwaka 1755 akapata kazi ya serikali ya forodha bandarini Liverpool, kukagua meli zinazoingia. Wale mnaofanya kazi Kilindini mnaijua kazi hiyo na majaribu yake. Akaifanya miaka tisa. Liverpool wakati huo ilikuwa ikitajirika kwa watumwa, na hakuna ushahidi kwamba alisimama kusema lolote. Alikuwa akijisomea Kigiriki na Kiebrania, akisikiliza wahubiri wakubwa wa uamsho, George Whitefield na John Wesley, na akitamani kuhubiri. Aliomba kuwekewa mikono akakataliwa, kwa sababu hakuwa na shahada ya chuo kikuu na alionekana ameshikana mno na watu wa uamsho. Alingoja karibu miaka sita. Mwaka 1764 ndipo akafanywa mchungaji, akatumwa mji mdogo wa Olney, mji wa mafundi maskini waliofuma lesi kwa mikono wakiwa kwenye vyumba vyenye giza.

Olney alipendwa. Aliwatembelea watu nyumbani, jambo ambalo wachungaji wengi wa wakati wake hawakulifanya, akakusanya watoto Alhamisi kuwafundisha Biblia, na kanisa likajaa mpaka wakajenga roshani ndani. Mfanyabiashara tajiri wa London, John Thornton, alimtumia pauni 200 kila mwaka za kuwakaribisha wageni na kuwasaidia maskini. Yaani zaidi ya mshahara wake mara kadhaa. Huko alikaa na rafiki yake mshairi William Cowper, mtu aliyeteswa sana na huzuni ya akili, na Newton hakumwacha hata wakati Cowper alipojaribu kujiua. Pamoja waliandika kitabu cha nyimbo kilichochapishwa mwaka 1779, nyimbo zaidi ya 340, nyingi zake zikiwa za Newton.

Wimbo wetu umo humo. Uliandaliwa kwa mahubiri ya mwaka mpya, tarehe 1 Januari 1773, kutoka 1 Mambo ya Nyakati 17, pale Daudi anapoketi mbele za Bwana na kushangaa yeye ni nani hata afikishwe hapo. Tuni tunayoimba hakuwahi kuisikia. Iliunganishwa na maneno hayo Marekani mwaka 1835, yeye akiwa amekufa zamani. Na alipoandika juu ya upofu wake na kuona kwake, bado hakuwa ametamka hadharani hata neno moja dhidi ya biashara ya watumwa. Hili lilinishtua kuliko yote. Wimbo ulikuja kwanza. Toba ya lile jambo ilikuja miaka 15 baadaye.

Mwaka 1780 akahamishiwa London, kanisa la St Mary Woolnoth, mtaa wa mabenki na matajiri. Desemba 1785 akaja kwake mgeni kwa siri, mbunge kijana wa miaka 26, William Wilberforce. Alizunguka uwanja ulio mbele ya nyumba ya mchungaji mara mbili kabla ya kupata ujasiri wa kubisha mlango. Alikuwa ameokoka karibuni na alidhani ni lazima aache siasa ili amtumikie Mungu. Newton, mzee wa miaka 60, akamshauri abaki bungeni, kwamba huenda Mungu amemweka hapo kwa kazi fulani. Kazi hiyo, kama mjuavyo, ikawa kupiga vita biashara ya watumwa. Basi mzee akajikuta amemtia moyo mtu atakayeifumua siri yake mwenyewe.

Mwaka 1788 Newton akatoa kijitabu juu ya biashara ya watumwa ya Afrika. Ilikuwa miaka 40 baada ya dhoruba, na 34 baada ya safari yake ya mwisho. Kinaanza kwa maungamo ya hadharani, na anakiri kwamba yamechelewa mno. Halafu anaeleza: nafasi aliyopewa mtu kulala melini, wafu na wazima wakiamka wamefungwa pamoja, viboko, vile vyuma vya vidole, yale wanawake waliyotendewa na mabaharia. Hakusema aliambiwa. Alisema niliona, na mahali pengine alisema nilifanya. Nakala zikapelekwa kwa wabunge. Akaitwa mbele ya baraza la mfalme, na mwaka 1790 mbele ya kamati ya bunge, akatoa ushahidi. Wakati ule matajiri wenye hisa katika meli hizo walikuwa wamejaa mjini kwake, na angeweza kunyamaza akafa na jina zuri. Kila mtu alikuwa ameshamwona mtakatifu.

Mimi nauona huo ndio mguso wa pili. Na katika kijitabu hicho watu si namba tena.

Kuna uzi mmoja unaofika mpaka kwetu. Newton alikuwa mmoja wa waanzilishi wa kikundi cha wachungaji wa London kilichokutana kujadiliana mambo ya Injili, na humo ndimo shirika la CMS lilipozaliwa mwaka 1799. CMS ndio waliomtuma Krapf Mombasa mwaka 1844, na ndio walioanzisha Freretown mwaka 1875, makao ya watu waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa. Ukipita Kengeleni pale Kisauni, ile kengele iliyopapa jina ni ya Freretown. Ililia kuwaonya watu kwamba washikaji watumwa wanakuja. Sisemi hilo linalipia safari tatu. Hakuna kinacholipia.

Mary alifariki kwa saratani Desemba 1790. Newton aliendelea kuhubiri mpaka karibu hawezi kuona wala kukumbuka alichokuwa akisema. Bunge lilipiga marufuku biashara ya watumwa katika meli za Uingereza Machi 1807, naye akafariki tarehe 21 Desemba mwaka huohuo, akiwa na miaka 82. Maneno ya kaburi lake aliyaandika mwenyewe mapema, na humo alitaka ikumbukwe kwamba zamani alikuwa mkana Mungu, na mtumishi wa watumwa katika Afrika.

Wiki iliyopita nilimtafuta yule mama wa cherehani. Haikuwa rahisi, alikuwa amehama mtaa. Anauza nguo za mitumba sasa. Nilikuwa nimebeba pesa kwenye bahasha na maneno niliyoyapanga. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza cherehani iliuzwa kwa bei gani. Sikujua. Sikuwahi kujua. Kisha akaniuliza kama nakumbuka sare ya shule iliyokuwa kwenye cherehani siku ile, ya mteja, upande mmoja umeshashonwa. Iliondoka nayo, na ilibidi amlipe yule mteja kitambaa. Hiyo sare sikuiona. Nilisimama karibu nayo nikaandika cherehani, 1.

Bahasha aliipokea. Kama amenisamehe hakusema, na sikumwuliza.

Kijana wa chuo nimempa nakala hii kabla haijachapishwa, ndiye aliyenisahihishia tarehe mbili. Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao tutauimba ule wimbo kwenye Meza ya Bwana. Aliniambia bado hajaamua kama atasimama kuimba au atakaa. Nimemwambia akikaa, nafasi karibu yangu mstari wa mbele iko wazi, na hakuna atakayemwuliza kitu.